Shingo Mpya

Kodambakkam, ghorofa ya tatu, mwezi wa Mei.
Nimezima feni.
Jasho na lichuruzike, jasho hufutika;
vumbi likishapenya nyuma ya kioo
hukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mezani kalala mzee wa kilo saba na ushei:
lenzi ya kuvuta, ishirini na tano hadi mia mbili na hamsini,
futi na inchi zimechongwa ubavuni,
rangi yake nyeupe imeliwa na vidole.
Vidole vya bwana Devasahayam, hasa.
Miaka thelathini na mmoja alivuta nyuso kwa lenzi hii:
mashujaa wakilia, mapacha wa uongo,
mvua ya bomba la zimamoto.

Kamera yake iliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.
Lenzi ikabaki na shingo iliyoumbwa kwa kamera ile moja tu,
ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

"Ipe shingo ya kubadilishwa," aliniambia,
"leo iende na huyu, kesho na yule.
Vijana wa siku hizi wana kamera kama mikebe ya biskuti,
lakini wananiomba ule ulaini wake,
ile nuru inayoizunguka taa kama haya."
Kisha akateremka ngazi.
Hakutaka kuniona nikikata.

Skrubu nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilizibwa kwa rangi nyekundu
na fundi fulani wa ng'ambo aliyeapa isifunguliwe milele.
Niliichoma kwa ncha ya kulehemu, nikahesabu hadi arobaini,
nikaibembeleza,
nikaitukana kwa Kitamili
matusi ambayo baba alinifundisha bila kukusudia.
Ikalegea.

Mashine ya kukereza nayo ilikuwa yake baba.
Bado inanuka mafuta yake.
Nilikereza kitako kisicho na upande,
na kwa kitako hicho pete tatu:
moja ya kamera kubwa za studio,
moja ya zile ndogo za arusini,
na ya tatu tupu, bila meno,
ya kamera ambayo haijazaliwa.

Mama alipanda na kahawa.
Akaiona shingo ya zamani imewekwa kando, juu ya kitambaa.
Ni mwaka wa sita tangu wanawake wamzunguke
wakamkata uzi wa manjano wa ndoa.
"Hii sasa itaweza kwenda na yeyote?"
"Yeyote, mama. Ni skrubu nne tu."
Akaigonga kwa ukucha. Ikalia kidogo.
"Skrubu nne," akasema,
akashuka na bilauri yangu ikiwa bado imejaa.

Usiku nikaifunga kwenye kamera,
ukutani nimebandika nyota yenye miale.
Nikavuta karibu: kila mwale uzi wa sindano.
Nikarudi nyuma, chumba kizima kikaingia,
nyota ikawa uji.
Ndivyo zilivyo lenzi hizi.
Ukivuta, hukuficha kosa; ukizipanua, hukiri.
Kosa lenyewe: sehemu mbili katika mia za milimita moja,
robo ya unywele.

Kati ya kitako na shingo nilikuwa nimetandika
vipete vitatu vya shaba, vyembamba kama ganda la kitunguu.
Saa saba za usiku nilikuwa nikikata cha nne
ndipo akili ikanijia:
sikupungukiwa, nilizidisha.
Nikaondoa kimoja.

Karibu. Mbali. Karibu.
Nyota haikutikisika.

Jumatatu bwana Devasahayam akaja.
Aliiinua lenzi kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani,
akautazama mtaa hadi nikachoka kusimama.
"Na ile shingo yake ya kwanza?"

Nikageukia kitambaa. Hakuna kitu.
Nikachungulia ngazini, mlango wa jikoni ukiwa wazi:
mama kaiweka juu ya meza,
juu yake birika la moto,
limekaa barabara, kama lililopimiwa.

"Imepotea," nikamwambia.